Taulo la Mashine ya Eulalia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye ugali wa mtama motoni apunguze moto. Mwenye kibuyu cha pombe mkononi aendelee kunywa, ila anywe polepole, maana leo namkumbuka mtu aliyeipenda pombe hiyo, na mtu huyo alikuwa Mdagaaba.

Mimi ninayesema nanyi ni Ayimbire Atubiga, na mimi ni Mfrafra. Basi mmeshaelewa. Kwa mgeni aliyehamia juzi, nieleze kidogo: sisi na Wadagaaba ni watani. Babu zetu waligombania kichwa cha mbwa. Nani alikila? Wao. Wao watakuambia ni sisi, lakini nani atamwamini mtu mwenye mafuta mdomoni? Kwa hiyo nikimtania marehemu leo, msinipigie simu kunikemea. Nisipomtania ndipo ndugu zake watakaponuna, waseme Mfrafra amekuja msibani mikono mitupu.

Mhandisi Eulalia Bekuone amefariki dunia. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Mhandisi Eulalia Bekuone, mzaliwa wa Jirapa, amefariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita hapa Bolgatanga. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kushtua moyo. Alikuwa na kichwa kikubwa, na si kwa ajili ya akili peke yake. Ni kile cha mbwa alichokula babu yake, kikatokea kwa mjukuu.

Sasa, nina swali, na kipindi chote hiki ni cha swali hilo. Wengi wenu mmeziona mashine zake katika zahanati zetu. Sanduku la kijani, lina mkanda wa kuvaa begani. Ndani kuna saketi ambayo wataalamu wanasafiri kuja kuitazama. Na ubavuni, limefungwa kwa kamba na fundo gumu, kuna taulo jeupe. Taulo! La kawaida kabisa, la sokoni. Mgeni mmoja kutoka Accra alidhani ni la kufutia vumbi sanduku. Muuguzi mmoja mgeni kazini alilikata akaenda nalo kwake kufutia watoto, na Eulalia alimfuata hadi mlangoni kulidai, akasimama pale mpaka likatoka. Mtu mwenye shahada zake anagombania taulo! Kwa nini?

Twende taratibu, tuanzie Jirapa.

Baba yake, Mzee Bekuone, alikuwa fundi wa marimba. Alichonga mbao, akazijaribu kwa sikio, akachonga tena. Nyumba nzima ilikuwa ya kupiga na kupigwa. Kaka yake Eulalia, anayeitwa Gervase, alizirithi zile marimba, na hadi leo hakuna msiba mkubwa Jirapa ambao hapigi yeye. Nilimpigia simu juzi. Nikamwambia nisimulie kitu cha utotoni. Hakufikiri mara mbili.

"Ilikuwa siku ya komunyo yangu ya kwanza," Gervase aliniambia. "Baba alimleta mpiga picha. Taa yake ikagoma kumulika. Mpiga picha akaiweka kando, akaenda kula. We unamjua Eulalia. Akaifungua! Alitoa betri kwanza, alikuwa mwangalifu tangu zamani. Kisha akaingiza kidole. Lo! Ikamrusha. Akakaa vumbini na gauni jeupe. Mama akapiga yowe. Yeye hakulia hata chembe. Alikitazama kidole chake, akauliza, 'Betri nimeshaitoa. Sasa kanipiga nani?'"

Kanipiga nani. Shikeni hilo, wasikilizaji.

Umeme ulikuwa umejificha ndani ya taa. Kuna kifaa kidogo humo, mafundi hukiita kapasita, kazi yake ni kuhifadhi umeme. Betri inakijaza taratibu, nacho kinautoa wote kwa mara moja. Ukiiondoa betri, chenyewe bado kimeshiba. Eulalia hakulijua neno hilo wakati ule. Alijua tu kwamba kuna mtu mle ndani amempiga, na hakutulia mpaka amjue. Alikwenda Kumasi kusomea uhandisi wa umeme kwa sababu hiyo. Wengine husoma wapate gari. Yeye alikuwa anamtafuta aliyempiga.

Alipomaliza, angeweza kubaki kusini kula samaki. Akarudi kaskazini. Alipata kazi ya kutengeneza vifaa katika hospitali moja hapa Bolga, na huko alikuta mashine za moyo za msaada, zimepangwa stoo kama viatu vya marehemu. Nyingine betri zimekufa. Nyingine zilitaka umeme wa ukutani usiokatika, na umeme wetu mnaujua tabia yake. Akaanza kuzifungua. Kisha akaacha kuzitengeneza, akaanza kuunda yake.

Alikuja hapa studioni siku moja, akaketi kiti hiki kinacholia. Nikamwuliza lile ambalo hata wewe ungeuliza. "Mhandisi, umeme unaua. Watoto tunawachapa wasiguse waya. Wewe unautia kifuani mwa mgonjwa. Umerogwa, au ndiyo Udagaaba wenyewe?"

"Umeme unaoua ni ule usiojua kuacha," alisema. "Wa kwangu unaingia, unafanya kazi, unatoka. Kabla hujafumba na kufumbua, umekwisha. We Mfrafra ukialikwa chakula unajua saa ya kuondoka?"

"Hatujui."

"Basi ndiyo maana sikukupa kazi."

Nikamwambia anieleze vizuri, nami ni mtu wa kuelewa kwa shida. Akaniambia hivi. Moyo unaokufa ghafla, mara nyingi haunyamazi kwanza. Unatetemeka. "Umewahi kuona wapiga marimba wamelewa, kila mmoja na wimbo wake? Kelele tupu, hakuna anayeweza kucheza. Nyama ya moyo inakuwa vile. Kila kipande kinavuta kwake, damu haiendi popote. Sasa watu wanadhani mashine yangu inauwasha moyo. Hapana! Inawanyamazisha wote kwa pamoja. Kukiwa kimya, kiongozi anaanza upya mwenyewe, na wengine wanamfuata."

"Na kama wapigaji wote wameshakwenda nyumbani? Kama hakuna hata kelele?"

"Hapo hakuna wa kunyamazisha," alisema. "Mashine ikikuta hivyo, inakataa. Nimeifundisha kukataa."

Nililicheka neno hilo. Mashine inayokataa! Lakini aliniambia kwamba kukataa ndiko kulikomchukulia miaka. Kupiga ni rahisi, hata radi inapiga. Akanichorea saketi yake nyuma ya bahasha. Betri ndogo inaijaza kapasita, kama mtungi uliowekwa chini ya bomba linalodondoka. Ukijaa, unamwagwa kwa pamoja. Mashine za zamani ziliumwaga upande mmoja tu. Yake ilikuwa na milango minne ya umeme. Miwili inafunguka, umeme unapita kifuani kwenda. Inafungwa. Miwili mingine inafunguka, umeme unapita kifuani kurudi. Nikamwuliza kwa nini urudi, ilhali umeshafika. "Ukiingia nyumba ya watu," alisema, "ukitoka usiwaachie mizigo yako ukumbini." Ukienda na kurudi, moyo unatulia kwa umeme mdogo zaidi, na hauachiwi masalia ya kuuchokoza upya.

Na kabla ya yote hayo, mashine inapima. Inapitisha umeme mdogo mno, mgonjwa hausikii, kujua kifua kinaukinza umeme kiasi gani. Maana vifua si sawa. Kinachokinza sana kinapewa muda mrefu kidogo. Kinachokinza kidogo, muda mfupi. Na kikizidi kiasi kabisa, taa nyekundu inawaka na mashine inagoma. Ukiulazimisha umeme hapo, utaunguza ngozi juu na moyo chini usiambulie kitu.

Haya yote aliyajaribu msimu wa mvua. Msikie vizuri: msimu wa mvua. Aliyajaribu kwa vipimo vya karakana, akayajaribu kwa kondoo. Kila kitu sawa. Ilibaki kamati ya wakaguzi kule Accra itoe ruhusa. Bila ruhusa, mashine ile haikuruhusiwa kumgusa binadamu. Angethubutu na mtu akafa, si kazi tu ingekwisha, na yeye angefungwa.

Ndipo upepo wa harmatani ukaja na vumbi lake, midomo ikapasuka, na Mzee Bekuone akaanza kuumwa kule Jirapa. Alimwita binti yake. Alitaka kuliona hilo sanduku kabla hajafa, ajue fedha ya marimba ilisomesha nini. Eulalia akalipakia garini, akaendesha. Akafika yadi imejaa watu na marimba zinalia. Mzee alikuwa amekata roho asubuhi ile. Sanduku likabaki garini, limefunikwa kwa kanga.

Msiba wa Mdagaaba bila watani si msiba. Kwa hiyo tulikwenda. Mimi, baba yangu Mzee Atubiga, na Wafrafra wengine tele. Wenyeji walikuwa wamemketisha marehemu juu ya jukwaa lake la miti, kavalishwa vizuri, anawatazama watu wake. Chini, Gervase anapiga marimba huku machozi yanatiririka. Na baba yangu, wasikilizaji wapendwa, baba yangu hakuwahi kwenda msibani kupiga chabo. Alikwenda kufanya kazi.

Alikuwa amejiandaa. Maiti zetu hupakwa mafuta ya shea zing'ae, sivyo? Basi naye alimwambia mama ampake. Mama akampaka kuanzia utosini hadi kitovuni. Mzee akavua fulana, akaingia ile yadi anang'aa kama sufuria mpya, akajitupa chali mbele ya jukwaa.

"Nimekufa!" akapaza sauti. "Hamziki mtu leo! Mnazika huyu mwizi wa vichwa, na mimi je? Nami nizikwe! Au nipeni kichwa cha mbwa nifufuke!"

Yadi ikalipuka kwa kicheko. Mjomba mmoja wa Kidagaaba akamjia. "We mzee, Mfrafra akifa tunamtupa tu, kaburi la nini?"

"Nitupeni kwenye chungu cha nyama!"

Wakarushiana maneno. Mama Domitila, mjane wa mzee na mama yake Eulalia, aliyekuwa halijamkauka chozi, akacheka mpaka akashika mbavu. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Kisha baba akafumba macho, akatulia. Watu wakamwita, hakujibu. Wakamtekenya nyayo, hakucheka. "Huyu mzee anajua kufa!" mmoja akasema. Baba akavuta pumzi moja ya kukoroma. Baada ya kitambo, nyingine. "Maiti inakoroma jamani!" Tukacheka tena, mimi nikiwemo. Tulicheka sana.

Eulalia alikuwa ameketi chini ya jukwaa la baba yake. Nzi alitua mdomoni mwa mzee wangu. Akatembea. Akaingia kwenye kona ya mdomo. Mdomo haukutikisika. Eulalia aliliona hilo, akainuka, akaja, akapiga magoti, akatia vidole viwili shingoni mwake.

"Nyamazeni," alisema. Watu wakadhani ni mchezo. "Nyamazeni! Hatanii! Moyo hakuna!"

Nakuambia, msikilizaji, kile kicheko hakikukatika mara moja. Kilikwisha vipandevipande, huku kikiisha, kule kikiendelea, mpaka ikabaki sauti ya mama yangu peke yake. Hakuwa anacheka.

"Gervase, acha marimba, njoo! Weka mikono hapa, katikati ya kifua. Kandamiza kwa nguvu. Usisimame mpaka nikuambie." Mikono ya Gervase ilishazoea kupiga usiku kucha bila kupumzika. Akakandamiza. Eulalia akakimbilia gari. Alirudi na sanduku, kanga inaburuta vumbini.

Hapo nilimshika mkono. Nilijua habari za ruhusa, nilizitangaza mwenyewe. "Mhandisi," nikamwambia, "na kama ikimuua?"

"Ayimbire, ameshakufa," alisema. "Siwezi kumuua mara mbili. Niachie mkono."

Akaweka vile vibao viwili vya chuma kifuani. Kwenye kioo mstari ulikuwa unatetemeka, wale wapigaji walevi kabisa. Huo ndio moyo ambao mashine inaujua. Akabonyeza. Taa nyekundu.

Akaviondoa, akaviweka tena. Taa nyekundu. Sanduku lilikuwa limekataa. Alilitazama kama unavyomtazama mwanao anayekuaibisha mbele ya wageni. Nilimsikia akisema taratibu, "Nini? Nini tena?" Kibao kimoja kikateleza kikamponyoka, akakidaka. Akatazama vidole vyake. Vinang'aa.

Mafuta. Yale mafuta ya shea. Harmatani, msimu ambao hakuna mtu kaskazini hii anayetoka nje bila kujipaka, na juu yake utani wa mzee aliyejipaka mara mbili. Mafuta hayapitishi umeme. Saketi ilipima, ikakuta ukuta, ikafanya kama ilivyofundishwa. Yeye, Mdagaaba mzaliwa wa Jirapa, aliyepakwa mafuta hayo tangu siku ya kuzaliwa, hakuwahi kuyafikiria. Karakanani hakuna anayepaka kipimo mafuta.

"Nileteeni kitu kikavu!" Yule mjomba mwenye maneno akaja mbio na chupa ya gongo, amuoshe nayo. "Weka mbali hiyo! Ikiruka cheche tutamchoma!" Eulalia akavua kitambaa chake kichwani, kile cheupe cha msiba, akamfuta. Akamfuta kama anasugua sakafu, huku Gervase anakandamiza pembeni ya mkono wake. Akageuza upande, akafuta tena. Akapaka ule mlenda wake wa hospitali, ute unaopitisha umeme, kwenye vibao. Akaviweka.

Taa ya kijani.

Sanduku likaanza kuvuma, sauti nyembamba inayopanda. Mtungi unajaa. "Gervase, toa mikono. Asimguse mtu! Nani kashika mguu? Mama, tafadhali, achia mguu." Alikuwa mama yangu. Nikambeba mimi mwenyewe, nikamrudisha nyuma.

Baba aliruka mara moja, mabega yakainuka, yakashuka. Ni hivyo tu. Nilitegemea radi, moshi, sijui nini. Mstari kwenye kioo ukalala. Mimi nikajua basi. Eulalia hakunitazama, alikuwa anautazama ule mstari, midomo imebana. Kisha mstari ukapanda mlima mmoja. Ukatulia. Ukapanda mwingine. Na mwingine. Kiongozi ameanza.

Tulimpakia garini kumpeleka hospitali. Njiani akafungua macho, akayazungusha, akatutambua kwa shida. Alinong'ona jambo. Eulalia akainama kusikiliza, akainuka amejawa na kicheko na kilio pamoja. Nikamwuliza kasema nini.

"Kasema, 'Kanipiga nani?'"

Wasikilizaji wapendwa, niwape hiyo mkae nayo kidogo.

Kamati ilimwita Accra kujieleza. Alikwenda. Aliwaeleza yote, na mafuta pia. Walimkaripia, wakamsubirisha muda mrefu, mwishowe wakampa ruhusa. Lakini kabla ya hapo vijana wa karakana yake walimpa shauri. Walisema, "Mhandisi, legeza kile kipimo. Mashine isigome ikikuta mafuta, ipige tu." Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Akakataa. "Nikiilegeza itapiga hata isipopaswa, itachoma watu. Saketi haikukosea. Iliniambia ukweli, mimi ndiye sikuuliza mambo ya nyumbani kwetu." Akaenda sokoni, akanunua taulo jeupe. Akalifunga kwa kamba na fundo gumu.

Basi hilo ndilo jibu. Taulo ni la kufuta mafuta ya shea kifuani. Narudia: ni la kufuta kifua kiwe kikavu. Usilikate.

Na akaongeza kitu kingine. Alikuja hapa studioni akasema mashine isemeshe watu, maana aliyechanganyikiwa hasomi. Alitaka sauti ambayo watu wa huku wanaiamini. "Ya kwako ni mbaya," aliniambia, "ila wameshaizoea." Kwa hiyo nilikaa hapa, nikayatamka maneno kwa lugha zetu, yeye ananirekebisha. Futa kifua. Kausha vizuri. Ondokeni wote, msimguse. Na lingine, lile la kukataa: Umeme haufai. Endelea kukandamiza kifua. Lile alinifanya nilirudie mara nyingi. Alisema ninalitamka kwa huzuni, na mtu akisikia huzuni ataacha kukandamiza. Kwa hiyo nikalitamka kwa ukavu, kama ninavyosoma taarifa ya hali ya hewa.

Sasa nifike Jumanne.

Figo zake zilikuwa zinamsumbua kwa muda mrefu, wengi hamkujua. Alilazwa. Asubuhi ile Gervase alikuwa naye, wanabishana juu ya nani atarithi marimba ya baba baada yao. Akanyamaza katikati ya neno. Muuguzi wa zamu, Talata, ni yule yule aliyewahi kufuatwa nyumbani kwa ajili ya taulo. Alifika na sanduku la kijani. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alifuta kifua, akaweka vibao, akasubiri.

Mstari ulikuwa umelala. Wapigaji wote walikuwa wameshakwenda nyumbani.

Na mashine ikasema, kwa sauti yangu: Umeme haufai. Endelea kukandamiza kifua.

Talata hakukubali. Alidhani ni mafuta. Akalishika taulo, akamfuta tena. Ikakataa. Madaktari walikuwa wameshafika, wanakandamiza, wanatoa dawa, naye kila akipata nafasi anafuta. Ikakataa tena, kwa sauti ile ile kavu ya hali ya hewa. Mwishowe madaktari walirudi nyuma, yeye bado ana taulo mkononi. Gervase aliniambia alimshika kiganja. Akamwambia, "Dada, kifua ni kikavu. Inasema kweli. Yeye ndiye aliyeifundisha."

Nimelia, wasikilizaji. Sina aibu kusema. Ningejua ni nani atakayeambiwa, ningelitamka kwa upole zaidi. Halafu nakumbuka angenikemea.

Mazishi ni Jumamosi hii, Jirapa, nyumbani kwa Mzee Bekuone. Atakayepiga marimba ni Gervase. Kwako Gervase, kwako Mama Domitila uliyemzaa, kwa watu wote wa nyumba ile, na kwako Talata, pokeeni pole zetu hapa redioni na za Wafrafra wote. Tutakuja. Fungieni mbwa.

Na wewe unayenisikiliza, tafakari jambo moja dogo. Mtu akianguka mbele yako, hata kama ni mcheshi, hata kama ni mlevi, hata kama amekuwa akijiangusha kila mwaka, sogea umguse. Akikucheka, si hasara.

Baba yangu bado yu hai. Amezeeka, ila kelele hazijapungua. Jana nilimkuta anatafuta kopo la mafuta ya shea. Nikamwuliza ya nini.

"Ya Jumamosi. Nitalala mbele ya jukwaa lake, nimwambie mwizi wa vichwa ainuke."

"Baba, tafadhali. Umri huu?"

"Nitakwendaje msibani kwake nikiwa nimesimama?" Akalifungua kopo, akanusa, akalifunga. "Ila nyinyi mkishacheka vya kutosha," akasema, "mmoja wenu aje anishike shingo. Aje kweli. Maana aliyejua kutofautisha, safari hii yeye ndiye kaketi kule juu."

Nimemwambia nitakuja mimi. Nitabeba na taulo.